Kabla Hujalipandisha Gari la Marehemu Baba Lushoto

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama Peugeot 504 aliyoachiwa na marehemu baba yake inaweza kupanda Lushoto bila kuchemsha. Inaweza. Ya kwangu ni ya mwaka 1978, mwaka ambao 504 (ya milango miwili na injini ya V6, nakiri) ilishinda Safari Rally kwa mara ya pili baada ya 1975, nami nimekwishaipandisha mara mbili. Hata hivyo, mlima haukunipa taabu. Kilichoniaibisha ni mteremko.

Safari ya kwanza nilijiandaa kwa kupanda tu. Nilisafisha rejeta, nikabadilisha mkanda wa feni na kubeba madumu mawili ya maji. Kutoka Mombo, kilomita 30 na ushei za lami nyembamba inayojipindapinda ubavuni mwa Usambara nilizimaliza bila mshale wa joto kutikisika. Shemeji yangu, aliyetabiri kwamba tungerudi tukivutwa na lori, alikosa la kusema, nami nilimtambia jioni nzima.

Wakati wa kurudi nilijiachia kwa gia ya nne, nikikanyaga breki kila kona. Tulipoipita Soni nikasikia harufu ya kuungua, kisha pedali ikazama hadi sakafuni kana kwamba nimekanyaga pamba. Niliingiza gia ya pili kwa nguvu, nikavuta breki ya mkono, na gari likasimama likiwa limeegemea ukingo wa upande wa mlima. Shemeji hakutamka neno, na ukimya ule unaniuma hadi leo.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140, na mvuke unaotoka hubonyea pedali inapokanyagwa, badala ya kusukuma breki. Ya kwangu yalikuwa na miaka sita. Fundi aliniambia kwamba huongezwa tu, nami nikamwamini kwa sababu jibu lake halikuwa na gharama.

Basi ndugu yangu, badilisha mafuta yote, na uteremke kwa gia uliyopandia ili injini ilishike gari. Ninyi mnaorithi magari haya hutumia fedha nyingi kwa rangi na bampa, kisha mnaionea uchungu chupa moja ya mafuta ya breki! Gia ya pili, nasisitiza. Wenye haraka watakupigia honi; wapishe.

Mwezi uliopita niliteremka hivyo hadi Mombo, nikashuka na kugusa magurudumu: yalikuwa vuguvugu. Nilimtumia shemeji picha ya gari likiwa limeegeshwa pale njia panda. Hajajibu.