Siku ya kupumzika kwenye miti ya Tabora: chagua mwezi kwanza, mkeka baadaye

Wengi wanaotaka kwenda kupumzika mitini hupanga siku kwa kuangalia likizo na mfuko, basi. Hali ya miti yenyewe hawaiulizi. Kwa Tabora hilo ni kosa kubwa, kwa sababu msitu wa miombo haukai na sura moja mwaka mzima. Ukienda mwishoni mwa Agosti utakuta matawi matupu, nyasi zimeungua na jua linakupiga mpaka chini ya mti. Rudi mahali palepale mwanzoni mwa Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, utakuta majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba kila upande. Aliyeenda Agosti atakuambia hakuna cha kuona, na atakuwa anasema kweli.

Dar es Salaam wana Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na kule Usambara iko ya Amani, ya mwaka 1902. Hizo zilipandwa na watu kwa mpangilio, na mgeni hutembea humo akipita mti hadi mti. Sisi huku tuna vitu viwili vya kutosha siku nzima bila kupanda treni kwenda pwani: miombo inayoanza pale nyumba na mashamba yanapoishia, na miembe mikubwa ya zamani iliyotapakaa mjini na vijiji vya pembeni. Shauri letu ni kuvitumia vyote viwili siku hiyohiyo, kwa zamu. Asubuhi tembea miomboni. Mchana kaa chini ya mwembe.

Sababu ni kivuli. Mwembe haupukutishi majani yote kwa pamoja. Majani yake ni mazito, yamepangana tabaka juu ya tabaka, na matawi hushuka karibu na ardhi, kwa hiyo hata saa 7 mchana chini yake kunabaki baridi. Miombo ina majani mepesi yanayopitisha mwanga, jambo zuri kwa anayetembea na kutazama. Lakini anayetaka kulala hapo mchana itabidi ahamishe mkeka kila baada ya nusu saa, na miezi ya ukame kivuli hicho hakipo kabisa. Watoto wanaorudi nyumbani wakilalamika kichwa, mara nyingi walikalishwa mchana chini ya mti usiofaa.

Sasa miezi. Mei na Juni ni bora kwa anayeanza: mvua zimekatika, njia zimekauka, majani bado yapo na jua si kali. Asubuhi kuna baridi, hivyo sweta ni lazima, hasa kwa wazee na wadogo. Kuanzia Julai majani yanapukutika na moto wa nyika unaanza kuonekana. Agosti na Septemba zina jambo moja linalostahili safari: jua likishapanda, maganda ya mti uitwao mtundu hupasuka yenyewe juu mtini kwa mlio mkavu na kurusha mbegu mbali. Ganda linapokauka, pande zake mbili hujikunja kwa kuvutana mpaka linaachia ghafla. Kaa kimya kuanzia saa 4 asubuhi, utasikia huku na huku.

Mwishoni mwa Septemba mpaka Oktoba ndiyo miezi ya majani mekundu. Miti hii mingi hutoa majani wiki kadhaa kabla ya mvua, ikitumia maji ya chini yanayofikiwa na mizizi mirefu, na ile rangi nyekundu hulikinga jani changa na jua kali mpaka likomae na kugeuka kijani. Kwetu sisi hakuna kipindi kizuri kushinda hiki. Tatizo ni kwamba Oktoba ndio mwezi wa joto kali kupita yote Tabora. Toka nyumbani saa 12 asubuhi, na saa 4 uwe umeshatoka miomboni. Novemba hadi Januari ni msimu wa maembe na uyoga, ila mvua inaweza kukukuta, na udongo mweusi wa mbugani ukilowa hunata kwenye viatu na kuzuia pikipiki. Radi ikianza kusikika toka chini ya mwembe mara moja, hata kama mvua bado. Ingia nyumbani au ndani ya gari. Mti mkubwa uliosimama peke yake ndio unaopigwa.

Usijaribu kujua kila mti. Mitano inatosha kwa siku moja, na ukiijua hiyo utashangaa namna msitu unavyoacha kuwa kijani kitupu. Anza na mtundu. Chukua kikonyo kimoja cha jani: utaona vijani vimepangwa viwili viwili, kwa kawaida jozi nne hivi, na jozi ya mwisho kule kwenye ncha ndiyo kubwa kuliko zote. Ukikuta jozi tano au sita na zile za katikati ndizo ndefu, huo ni muba, na juu yake kwenye msimu wake utaona maganda ya rangi ya kutu yenye ngozi laini, yamesimama juu ya majani. Watu huchanganya hii miwili kila siku, na dawa ni kuangalia jozi ya mwisho tu. Muba ndio unaowalisha nyuki wetu sana. Asali ya Tabora inayosifiwa ina mkono wake ndani. Wa tatu ni muyombo, wenye vijani vingi vyembamba vilivyosongana, zaidi ya jozi 12 katika kikonyo kimoja. Gome lake ndilo linalosokotwa kamba na kutengenezwa mizinga ya asili. Ukiona mti umechunwa gome duara zima, huo umeshakufa au unakufa, kwani chakula kutoka majanini hushuka kwenye mizizi kupitia humo.

Wa nne ni mninga, na hauhitaji vitabu kuutambua ukipata tunda lake: ni la duara, upana wa kiganja, katikati lina miiba mingi migumu na pembeni limezungukwa na bawa jembamba. Huanguka na kubaki chini kwa miezi, kwa hiyo tafuta chini kabla ya kutazama juu. Maua yake ya njano hutokea mwishoni mwa ukame, kwa muda mfupi tu. Utomvu wake ni mwekundu wa damu, lakini usiukate mti ili kuona hilo. Tazama majeraha ya zamani kwenye shina. Wa tano uwe mbula, ambao ukigeuza jani lake utaona upande wa chini mweupe wa kijivu, wakati juu ni kijani kilichokolea. Matunda yake huliwa, na kokwa lake gumu lina mbegu ndani zinazoliwa pia.

Kuhusu matunda ya porini, tafadhali kuwa na utaratibu. Mbula na matonga watu wa huku wanayala tangu zamani, ila tonga lina sharti: nyonya nyama yake, mbegu usitafune. Mti wake uko ukoo mmoja na ile inayotoa sumu ya strikinini. Tunda usilolijua, hata kama umeona ndege au nyani analila, liache. Uyoga ndio usichume kabisa kama hukulelewa na mchumaji. Miti ya miombo ina uyoga mwingi kwa kuwa mizizi yake huishi kwa ushirika na nyuzi za uyoga ardhini, zinazousaidia mti kufyonza maji na rutuba. Mvua ikikolea, uyoga hujitokeza juu. Ndani ya wingi huo wa kuliwa na wa kuua hufanana, na ule wa kuua hauishiwi sumu kwa kuchemshwa. Nunua kwa kina mama wanaouza barabarani. Wao wanajua wanachokiuza, na bei ni afueni.

Mahali pa kwenda, kwa anayetaka historia na kivuli pamoja, ni Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Lile tembe alimokaa Livingstone lilijengwa upya na sasa ni makumbusho. Alikaa hapo kuanzia Februari hadi Agosti mwaka 1872. Stanley alimwacha katikati ya Machi, na miezi iliyobaki mzee yule alikuwa akisubiri wapagazi wafike kutoka pwani. Miembe ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilifuata watu hao hao: embe asili yake ni Asia ya Kusini, likaingia pwani kwa wafanyabiashara na kusafiri bara mikononi mwa wasafiri. Ingia makumbusho asubuhi au jioni. Mchana ni wa kukaa nje. Kama mwembe uko kwenye uwanja wa mtu, piga hodi na uombe. Ukisema unataka kukaa na watoto saa mbili tatu, mara nyingi utaletewa na maji ya kunawa.

Kwa miombo, pembezoni mwa mji panatosha kwa asubuhi moja. Ukitaka kuingia ndani ya msitu wa hifadhi, pita kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu ueleze unakwenda kutembea, uulize utaratibu na malipo. Mtu anayekutwa hifadhini bila taarifa, na panga begani, atapata shida kujieleza. Panga liache nyumbani. Chukua badala yake kijana wa kijiji cha jirani au mrina asali anayejua njia, mkubaliane malipo kabla hamjaanza. Macho ya mrina asali yanaona miti kuliko kitabu chochote.

Vya kubeba: maji lita 2 kwa mtu mzima, lita 3 ikiwa ni Oktoba, na nusu yake kwa mtoto. Mkeka, kanga mbili, na kiti kimoja cha kukunja kwa bibi au babu, kwa sababu kukaa chini muda mrefu kunaumiza magoti na ndiye atakayeomba kurudi mapema. Chakula kisiwe cha mchuzi. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga vinafaa mno: haviharibiki kwa joto, havimwagiki, na vinashibisha. Soda iliyofunguliwa huita nyuki ndani ya dakika chache. Mimina kwenye kikombe uone unachokunywa, kwani nyuki aliyeingia kwenye chupa humchoma mtu mdomoni. Kupika porini usipike. Kuanzia Julai cheche moja inatosha kuchoma eneo ambalo watu wana mizinga yao humo.

Nguo zina maana kuliko watu wanavyodhani. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na huuma kupitia kitambaa chepesi. Vaa kaki, kahawia au kijani cha majani makavu, mikono mirefu, suruali au sketi nzito. Wakiwa wengi sana, sehemu hiyo iache, usishindane nao. Na mtu akipata homa siku au wiki kadhaa baada ya safari, amwambie daktari kwamba aliumwa na mbung'o, ili achunguzwe malale pamoja na malaria.

Mizinga ikiwa mitini, mkeka utandikwe hatua mia na zaidi kutoka hapo, na manukato siku hiyo yapumzike. Nyuki wakichachamaa usipunge mikono. Funika uso, kimbia moja kwa moja hadi nyumbani au kwenye gari, kisha kwangua miba kwa ukucha haraka, maana mwiba uliobaki huendelea kusukuma sumu. Wale wadogo sana wanaozunguka machoni kutafuta jasho hawana mwiba; futa uso kwa kitambaa kibichi na watapungua.

Upupu nao unatesa wengi kuanzia Juni hadi Septemba. Ni mmea unaotambaa, wenye maganda yaliyofunikwa vinyweleo vya rangi ya dhahabu, na upepo pekee unatosha kuvileta kwenye shingo. Kosa ni kujikuna au kujisugua kwa maji palepale, kwani vinyweleo huzidi kuzama na kusambaa. Bandika selotepu au donge la ugali, ng'oa, rudia mpaka muwasho upungue, ndipo uoge kwa sabuni. Nguo za siku hiyo zikung'utwe nje na zifuliwe peke yake.

Watoto wakiangua maembe, embe changa au lililotoka kukatwa lina utomvu unaounguza ngozi, hasa midomo na mashavu. Acha kikonyo kielekee chini dakika kadhaa utomvu udondoke, kisha lioshwe kabla ya kuliwa.

Bodaboda au bajaji wa kurudi mpange naye saa kabla hajawaacha, na mpigie simu ukiwa bado sehemu yenye mtandao, kwa kuwa ndani ya miombo mawimbi hukatika. Saa 10 na nusu jioni inafaa: jua limeshapoa, na bado mnafika nyumbani kukiwa na mwanga wa kukagua watoto kupe nyuma ya magoti na masikioni.