Peugeot 504 ya zamani: mlio wa injini unatosha kujua uchakavu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Peugeot 504 saluni ya miaka ya 70, ya marehemu baba, injini imepigwa ovahoo na sasa kila wikiendi naizungusha njia za vumbi za Monduli, nataka ikifika km 3,000 nijue kama naweza kwenda nayo mbali. Fundi wangu anasikiliza tu mlio anasema iko poa. Inatosha?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu, Mungu amrehemu mzee, kakuachia gari la maana, maana 504 ndio ilishinda Safari Rally ya 1975 na Ove Andersson kwenye usukani. Ila mlio hautoshi kabisa. Beringi ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, mpaka uisikie inagonga ujue imeshaliwa siku nyingi. Nunua daftari, kila baada ya km 500 pima vitu vilevile kwa namna ileile uandike, maana namba moja peke yake haisemi kitu, angalia inavyobadilika.

Anza na kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, unaipima kwa geji. Injini iwe ya moto, toa plagi zote nne, kata umeme wa koili, kanyaga mafuta mpaka mwisho ndio upige stata, betri iwe na nguvu la sivyo namba zitakudanganya. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake tia kijiko cha oili humo upime tena, ikipanda basi ni ringi za pistoni, ikigoma ni valvu au gasketi, na zikishuka mbili zilizopakana mimi kwanza nashuku gasketi ya silinda hedi.

Halafu oili, hapa ndio penyewe. Ukimwaga usiitupe, imwage kwenye karai safi juani, af kata filta kwa msumeno, tandaza ile karatasi yake na upitishe sumaku. Unga mweusi unaonata kwenye sumaku mwanzoni usikutishe, injini mpya inajisaga ikae sawa, lakini kila ukimwaga unatakiwa upungue. Ukiona vichengachenga vya rangi ya shaba na sumaku haivitaki, simamisha majaribio siku hiyohiyo ufungue sampu, lile karai la oili chini ya injini, hizo ni beringi, ganda la juu limeshaisha. Na oili ikiwa kama chai ya maziwa maji yameingia, kwenye 504 cheki mpaka sili za chini za laina, yale mabomba ambayo pistoni zinapanda na kushuka ndani yake, kwa sababu laina zake zinakaa ndani ya maji.

Vumbi la Monduli nalo usilichukulie poa, mchanga ule ni mgumu kuliko vyuma vingi vya humo ndani, ukipenya unasaga ringi na laina. Pitisha kidole ndani ya mpira unaotoka filta ya hewa kwenda kabureta, kikitoka na vumbi kuna sehemu inavuta pembeni.

Miguu sasa. Piga jeki, shika tairi la mbele juu na chini ulitikise, likicheza mwambie mtu akanyage breki utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi ya tairi, ukibaki ni boljointi au bushi. Likicheza kulia na kushoto tu, nenda kwenye stelingi.