Hiyo elfu kumi ya juu ni ya nani?

MUULIZE MWALIMU

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina fremu ya jezi na raba hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nauza za Simba na Yanga, za Mbeya City, na za timu za Ulaya. Mwaka huu kabla ya Pasaka, mtu anayeniletea mzigo kutoka Tunduma alikuja na jezi za kijani za Zambia. Mgongoni zimeprintiwa majina ya wachezaji 18 waliokufa kwenye ajali ya ndege, na chini yake tarehe: 27 Aprili 1993. Akaniambia ni toleo la kumbukumbu, zimetoka chache, nisije nikaziuza bei ya kawaida. Jezi ya Zambia isiyo na maandishi naiuza 15,000. Hizi nimeuza 25,000, na zimeondoka haraka kuliko mzigo mwingine wowote niliowahi kuweka. Zimebaki chache.

Juzi akaingia dereva wa lori, Mzambia, mtu mzima. Akaichukua moja, akaigeuza, akasoma yale majina taratibu huku kidole kikipita juu ya maandishi. Alipofika mwisho akaniuliza, "Mama, wenyewe mliwauliza?" Nikakosa jibu. Akaikunja vizuri, akairudisha mezani, akatoka.

Tangu hapo siuzi kwa raha. Kaka yangu, ambaye mtaji ni wetu sote, anasema najisumbua bure. Anasema hata muuza majeneza anakula kupitia misiba na hakuna anayemnyooshea kidole, tena sisi tunawatangaza marehemu, maana vijana wa sasa wasingewajua. Je, Mwalimu, tunawaenzi au tunawachuma? Na hizi zilizobaki nizifanyeje? Nimekutumia picha ya moja, mbele na nyuma.

Mwenye fremu, Mwanjelwa

JIBU

Marahaba mwanangu. Habari hii kwangu si ya kusimuliwa. Mwaka 1993 nilikuwa nafundisha shule ya msingi Tunduma, na Tunduma na Nakonde ya Zambia ni mji mmoja uliopitiwa na mpaka. Wanamwanga, kabila la huko, wana shangazi na wajomba pande zote mbili. Habari ilipotoka, redio za upande wa pili zilipiga nyimbo za dini kutwa nzima. Wamama waliokuwa wakivuka kuja kuuza mchele na mafuta walikaa chini na vitenge vyao kiunoni, mzigo haujafunguliwa. Watoto wangu darasani, Watanzania, walilia. Nakueleza haya ili ujue ninayekujibu nimesimama wapi.

Nianze na kaka yako, kwa sababu hoja yake ina uzito. Ni kweli muuza sanda na majeneza anaishi kwa misiba ya wenzake na hatumlaumu. Lakini tazama anavyouza. Mteja wake ni mfiwa mwenyewe, amekuja kwa miguu yake kutafuta kitu asichoweza kuzika bila hicho. Na bei ya jeneza inatokana na mbao, kitambaa na kazi ya fundi. Siku fundi atakapoongeza bei kwa sababu marehemu ni mtu maarufu, mtaa mzima utamsema, na kaka yako atakuwa wa kwanza.

Sasa rudi kwenye jezi zako. Kitambaa ni kilekile, kijani kilekile. Ile isiyo na majina ni 15,000, yenye majina ni 25,000. Kuprinti mgongo hakufiki elfu kumi, wewe ndiye unayejua mafundi wa Mwanjelwa wanatoza kiasi gani. Toa gharama ya wino na mashine, kinachobaki kimelipwa kwa ajili ya wale waliokufa baharini. Mteja hakuongeza pesa kwa ajili ya uzi. Basi hiyo elfu kumi ya juu ni ya nani? Swali la yule dereva na hili ni moja.

Sisi wenyewe tunajua pesa ya msiba inavyoshikwa. Iwe Iringa, Njombe, Rungwe au Mbozi, ukiingia msibani unakuta mtu amekaa na daftari la rambirambi. Unatoa elfu mbili, linaandikwa jina lako na elfu mbili yako. Kabla ya watu kutawanyika yanasomwa mapato, yanasomwa matumizi, na kilichobaki kinakabidhiwa kwa wafiwa mbele ya wote. Hata tajiri wa kijiji hasemi pesa ya rambirambi ikae kwake kwanza. Jezi yako imekusanya rambirambi, mwanangu, ila haikuwa na daftari.

Nimeikuza ile picha uliyonitumia mpaka herufi zikawa kubwa. Naomba na wewe uichukue moja uende nayo mlangoni kwenye mwanga. Yupo beki aliyeitwa Robert Watiyakeni. Kwenye jezi yako ameandikwa "Watikayeni". Ni jina la mtu lililochapwa kwa haraka, likarudiwa kwenye kila jezi, na halikupita mbele ya macho ya ndugu yake hata mmoja, maana ndugu angeliona kabla ya kumaliza kusoma. Sijui kama dereva wako aliliona. Nadhani aliliona.

Kuna jingine. Jezi ina majina 18. Waliokufa usiku ule ni 30. Ilikuwa ndege ya jeshi la anga la Zambia, aina ya Buffalo, ikiwapeleka Dakar kucheza na Senegal kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la 1994. Siku mbili nyuma walikuwa wameifunga Mauritius 3–0 kwao. Wakatua Libreville, Gabon, kujaza mafuta, wakaruka, na muda mfupi baadaye wakaanguka baharini karibu na pwani. Humo alikuwemo kocha Godfrey Chitalu, ambaye enzi zake za uchezaji alikuwa mfungaji ambaye Zambia nzima ilimwimba. Alikuwemo rais wa chama cha soka, Michael Mwape. Alikuwemo daktari wa timu, mwandishi wa habari, na wanajeshi waliokuwa wakiendesha ndege. Hao hawamo mgongoni. Aliyechapa alichagua majina yanayouza. Mtu anayekumbuka msiba hachagui hivyo, kwa sababu mama wa rubani naye alizika.

Na huu si msiba uliofungwa ukaisha. Ripoti ya Gabon ilitoka mwaka 2003, miaka kumi baadaye, ikasema injini moja ilishika moto na rubani aliyechoka akazima ile nyingine iliyokuwa nzima. Kwa nini ndege ya namna ile ilipewa safari ndefu kiasi kile, familia zimeendelea kuuliza kwa miaka mingi. Watu ambao bado wanauliza, halafu wanasikia kuna tarehe ya kifo cha baba yao inauzwa Mbeya kwa bei ya toleo maalumu. Jiweke hapo kidogo.

Kwa hiyo unaniuliza kama kila jezi ya kumbukumbu ni uchumaji. Hapana, na hapa simfuati mtu anayetaka vitu vyote vya namna hii vipigwe marufuku. Uwanja wenu hapo mjini unaitwa Sokoine. Edward Moringe Sokoine alikuwa Waziri Mkuu, alikufa kwa ajali ya gari mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili 1984, na nchi nzima ililia. Leo Mbeya City na Prisons wanacheza pale, tiketi zinauzwa langoni, karanga na maji yanauzwa, na hakuna anayeona marehemu amedhalilishwa. Sababu ni kwamba tiketi haipandi bei kwa ajili ya jina lake. Jina limewekwa na wananchi wake, likakaa juu ya lango, biashara inapita chini yake. Tunavaa pia kanga zenye sura ya Mwalimu Nyerere tangu atutoke 1999, na tunazivaa kwa mapenzi.

Wanasoka wa Uingereza nao wamepita njia hii. Liverpool walipoteza mashabiki wao kwenye msongamano uwanja wa Hillsborough, Sheffield, mwaka 1989. Idadi yao imewekwa nyuma ya shingo ya jezi, ndogo tu, ikiwa na miale ya moto pembeni. Ilikuwa 96. Mwaka 2021 akafariki mtu mwingine aliyekuwa ameumia siku ileile, na namba ikabadilishwa kuwa 97. Tazama walivyojali hesabu, hata mtu mmoja asiachwe. Manchester United wao, tarehe 10 Februari 2008, waliadhimisha miaka 50 ya ajali ya ndege ya Munich iliyoua watu 23, wakiwemo wachezaji wanane. Walicheza na Manchester City wakiwa na jezi za mtindo wa zamani zisizo na jina la mdhamini kifuani. Wewe unayeuza jezi unajua kifua cha jezi ya United kina thamani gani. Siku hiyo walikiacha kitupu. Na mashabiki walikuta skafu za kumbukumbu kwenye viti vyao, bure.

Lakini kisa ninachotaka kaka yako akisikie vizuri ni cha Marekani. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, mechi kubwa ya kwanza ya besiboli kurudi New York ilichezwa tarehe 21 mwezi huohuo. Mchezaji wa Mets, timu ya New York, Mike Piazza, alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja na timu yake ikashinda. Watu waliokuwa wamefiwa siku chache nyuma walisimama wakashangilia huku wakilia. Jezi aliyovaa ikabaki kuwa kitu cha mji mzima. Baadaye klabu ikaiuza, ikaangukia mikononi mwa watu binafsi wanaokusanya vitu vya michezo, na mwaka 2016 ikatangazwa tena mnadani. Watu wakakasirika, na Piazza mwenyewe akasikitika. Mwishowe watu watatu wenye uwezo wakachanga wakainunua kwa dola 365,000, kwa makubaliano kwamba ikae mahali pa kuonwa na wote, ikizunguka kati ya uwanja wa Mets, makumbusho ya 11 Septemba na jumba la mashujaa wa besiboli.

Mimi nasema klabu ilikosea kuiuza tangu mwanzo. Dola zile hazikuwa thamani ya shati lenye jasho. Zilipanda kwa sababu ya vifo na kwa sababu ya machozi ya watu ambao hawakupata hata senti ya mauzo yale. Waliolinunua mwishoni walilirudisha shati kwa waliolia, na hilo nawapongeza, ingawa ilibidi pesa nyingi zimfikie aliyekuwa analishikilia kwanza.

Sasa tuje kwako, maana umeniuliza ufanye nini.

Zilizobaki usiziuze. Nazisema zote, kwa sababu kosa la jina limo kwenye zote. Ziweke kando. Aliyekuletea mwambie ukweli: jina limekosewa, watu 12 wameachwa, na huchukui tena mzigo wa majina ya marehemu usio na barua ya wenyewe. Akikwambia kila mtu anauza, mwache auziwe huyo kila mtu. Jezi za kijani za kawaida endelea kuziuza kwa 15,000 yako. Zambia ilitwaa Kombe la Afrika Libreville hukohuko, Februari 2012, kwa penalti 8–7 dhidi ya Côte d'Ivoire, na wachezaji walikwenda kwanza ufukweni kuweka maua. Kijana akiuliza habari za timu hii msimulie hapo fremu bure. Hoja ya kaka yako kwamba vijana hawawajui naiunga mkono kabisa, ila kuwajulisha hakuhitaji elfu kumi.

Kwa zile ulizokwisha kuuza, kaa na kaka yako na daftari. Andikeni ziliuzwa ngapi, mtoe gharama ya kuprinti, mtoe mtaji wenu na faida yenu ya kawaida ya jezi yoyote, hiyo ni halali yenu na msiionee haya. Kilichobaki kiandikeni peke yake. Halafu mwandikie barua chama cha soka cha Zambia, kwa jina lako kamili na la fremu yako, ueleze ulichouza na ulichonacho, uulize familia zingependa kiende wapi. Wachezaji wale wamezikwa Lusaka karibu na uwanja wa Independence, mahali panapoitwa Heroes' Acre, na makaburi yanahitaji kutunzwa. Labda watakwambia hilo, labda jingine. Kwenye barua omba pia ruhusa kama bado unataka kuuza jezi ya kumbukumbu siku za mbele, na uombe orodha ya majina yote 30 kama yanavyoandikwa na ndugu zao. Wakikataa, umekataliwa na wenye haki ya kukataa.

Kaka yako atauliza kama pesa hiyo haiwezi kurudi kikoba kwanza, mpaka jibu lije. Mwambie Mwalimu amesema haiwezi.

Na dereva yule, malori ya kwenda Zambia hupita Mbeya mara kwa mara. Akirudi, muoneshe daftari.