Usisubiri Fataki Ilale Bapa

Februari nilijaza upya maganda 40 ya .308 Winchester, risasi ya bunduki ndefu, baruti ikiwa imekaribia kabisa kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kitabu cha vipimo vya kujazia risasi. Nilipiga 20 asubuhi ya baridi. Fataki zote, yaani vile vikombe vidogo kitakoni mwa ganda vinavyowasha baruti, zilitoka na kingo zake za mviringo, na bolti, kile chuma kinacholifunga ganda kwa nyuma, ikafunguka bila taabu. Nikaridhika, nikaweka zilizobaki.

Agosti nilirudi uwanja wa shabaha. Hapa Texas jua la saa nane mchana hulijui mpaka likuchome, na boksi la risasi lilikuwa limekaa saa nzima kwenye deshibodi ya pikapu. Risasi ya tatu, bolti ikagoma. Ikabidi niigonge kwa kiganja. Ganda lilipotoka, fataki ilikuwa imelala bapa na kujaa hadi ukingoni mwa kishimo chake, na kwenye kitako cha ganda pana alama ya mviringo inayong'aa, pale shaba ilipojisukuma ndani ya tundu la kile kipini kinachorusha ganda nje.

Baruti nyingi hupandisha mgandamizo zikipata joto, na mimi sikuwa nimebakiza nafasi yoyote. Kosa langu kubwa lakini lilikuwa kuziamini zile fataki za Februari kama dalili ya mgandamizo salama.

Kikombe cha fataki ni metali laini. Risasi inapolipuka, fataki husukumwa nyuma hadi kwenye uso wa bolti, kisha ganda nalo hurudi nyuma na kuifunika tena. Mgandamizo ukiwa mkubwa, kingo hutandazika. Ila vikombe vya kiwanda kimoja ni laini kuliko vya kingine, kwa hiyo fataki bapa yaweza kutoka kwenye risasi salama, na yenye sura nzuri ikatoka kwenye risasi iliyopita kiasi. Hata ule mdomo unaoinuka kuzunguka alama ya pini inayogonga fataki huenda umetokana tu na tundu la pini lililo pana mno. Na ganda likiwa fupi kwa chemba, yaani nafasi linamokaa ndani ya bunduki, fataki hubapa hata kwa mgandamizo wa kawaida.

Linalonitia hofu zaidi ni bunduki za zamani. Kikomo cha .308 ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, cha .30-30, risasi ya mwaka 1895, ni 42,000. Ukisubiri fataki ya .30-30 ibapike ndipo upunguze baruti, utakuwa umeshavuka kikomo cha bunduki hiyo kwa mbali sana. Usifanye hivyo kabisa.

Siku hizi naanza kwa kupiga risasi za kiwandani katika bunduki ileile, na maganda yake nayatunza kwenye kopo ili niwe na cha kulinganisha. Naanza na kiwango cha chini cha kitabu, napanda kidogo kidogo, na kila risasi inapita mbele ya kronografu, kifaa cha kupima kasi yake. Kasi ikizidi ile ya kitabu kwa mtutu wa urefu uleule, nashuka, hata kama fataki inapendeza. Kasi ya ziada haiji bure. Bolti ikiwa nzito, au alama ikitokea kitakoni, siku hiyo imekwisha. Fataki ikitoboka, gesi hurudi kwa mpigaji, ndiyo maana miwani sivui.

Zile 17 zilizobaki sikuzipiga. Niling'oa vichwa kimoja kimoja kwa nyundo ya kung'olea, baruti nikaimwaga. Lile ganda la tatu ninalo bado mezani: kishimo chake kimepanuka, fataki mpya inaingia kwa kuisukuma na kidole.