Mchezo wa hadithi bila mapigano, utamshika mtu?

Mdogo wangu, umeuliza kama mchezo wa kusoma tu, wenye picha chache na bila mapigano, unaweza kumshika mtu. Unamshika, tena sana. Kinachovuta ni hali ya mahali: mwanga, sauti, ukimya kati ya sentensi. Chukua hapo kwetu Kigoma. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, injini ya boti inasikika kwa mbali, kisha inazimika. Maandishi yasitokee kwanza. Mwache mchezaji asikilize maji. Hapo ameshaingia! Picha kumi zinatosha. Tumia Ren'Py, programu ya kutengenezea michezo ya hadithi kama hii; ni ya bure, ipo tangu 2004, na kompyuta ya kawaida inaiendesha. Ila sauti karekodi mwenyewe mwaloni Kibirizi, alfajiri, mitumbwi inaporudi.