Majumba ya shamba ya Unguja: majibu ya maswali yenu

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu majumba ambayo sultani na jamaa zake walijenga nje ya mji wa Unguja katika karne ya 19. Nazijibu moja moja.

Nimetembelea magofu ya Mtoni. Lilikuwa jumba la mfalme, mbona vyumba vyake vyembamba hivyo? (Msomaji, Tanga)

Sababu ni boriti. Dari ya nyumba ya mawe ya pwani hubebwa na miti ya mikoko, na mkoko ulionyooka haukupi zaidi ya mita 3 hivi. Huo ndio upana wa chumba, mwenye nyumba awe sultani au fundi wake. Urefu unaweza kuuvuta utakavyo. Juu ya boriti hupangwa mawe, humwagwa chokaa, kisha hupondwa kwa siku nyingi mpaka sakafu ishikane. Mzigo huo ni mzito mno, ndiyo maana kuta za matumbawe ulizoziona ni nene vile. Aliyetaka ukumbi mpana ilimbidi asimamishe nguzo katikati au atafute mbao ndefu kutoka ng'ambo.

Je, Mtoni lilijengwa lote kwa ramani moja? (Mwanafunzi wa ujenzi, Dar es Salaam)

Hapana, na shahidi wetu ni mtu aliyezaliwa humo. Seyyid Said bin Sultan, sultani wa Omani na Zanzibar, alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, na ujenzi wa Mtoni ulianza miaka hiyo hiyo. Binti yake Salme, aliyezaliwa pale mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anasema majengo yaliongezwa moja baada ya jingine kadiri haja ilivyotokea, mpaka mgeni akawa anapotea katika vijia vyake. Hata uzuri wa jumba hilo hakuusifu.

Aliusifu ua wake. Katikati palikuwa na uwanja mkubwa wenye tausi, swala, mbuni na heroe wakizurura, na mto ulioipa nyumba jina ukipita humo kuelekea baharini. Mbele, upande wa bahari, palikuwa na benjile: roshani kubwa ya mviringo, ya mbao zilizopakwa rangi, iliyoezekwa kama mwavuli. Hapo ndipo Seyyid Said alipokuwa akitembea huku na huko, kichwa kimeinama, akichechemea kwa jeraha la vita. Kila nikisoma sehemu hiyo naona jumba lina uhai kuliko kwenye mchoro wowote.

Wewe mwanafunzi, ukienda angalia pembe ambapo kuta mbili zinakutana. Mawe ya ukuta huu yakiwa yameumana na ya ule, zilijengwa pamoja. Ukikuta mstari ulionyooka toka juu hadi chini, ukuta mmoja uliletwa baadaye na kuegemezwa tu.

Kwa nini hamamu, yaani nyumba za kuogea, zilijengwa mbali na vyumba vya kulala? (Msomaji, Mombasa)

Mtoni zilipangwa mstari mmoja mwisho wa ua, na Salme anakumbuka kwamba mvua ikinyesha walikwenda kuoga na mwavuli. Maji yalikuwa upande huo. Lakini nadhani fundi alikuwa na hoja nyingine pia: mvuke huozesha boriti. Hamamu haitaki dari ya miti, inataka kuba la mawe na chokaa, na kuba ni jengo la kujitegemea.

Hebu tazama Kidichi, mahali pengine pa shamba hapa Unguja. Seyyid Said alijenga hamamu pale mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Nyumba ndogo ya mapumziko iliyokuwa karibu imetoweka kabisa. Hamamu ingali imesimama na makuba yake, na kuta zake zina nakshi za chokaa za maua, mitende na ndege, jambo adimu katika majengo ya Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya sultani, ambao hawapendi mapambo mengi.

Jumba la Maruhubi ni hivyo hivyo. Sultani Barghash, mwana wa Seyyid Said, alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, na moto ukaliteketeza mwaka 1899. Ghorofa ya mbao iliungua yote. Tunachokiona leo ni nguzo nene za mawe zilizoibeba, hamamu, na mabirika ya maji.

Na watumwa walilala wapi? (Msomaji, Pemba)

Asante kwa kuuliza, maana wageni hupita pale bila kulifikiria swali hilo. Majumba haya yaliishi kwa mashamba ya karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa mpaka sheria ilipoufuta utumwa Unguja mwaka 1897. Vibanda vyao vilikuwa vya fito, udongo na makuti, na hakuna hata kimoja kilichobaki. Aliyebeba jiwe la jumba hakuachiwa jiwe la kwake. Ningependa kila gofu liwe na kibao kinachosema hivyo mlangoni.

Tumerithi nyumba ya shamba ya babu, kuta za matumbawe. Fundi anataka kuzipiga plasta ya saruji. Tukubali? (Msomaji, Bububu)

Msikubali, nawasihi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu wa ardhini, kisha huutoa nje na kukauka. Saruji huuziba. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu, na yakifika kwenye vichwa vya boriti huviozesha ndani kwa ndani, huku nje plasta inang'aa.

Anzeni na paa lisivuje, kateni miti iliyoota ukutani ingali midogo, kisha pigeni lipu ya chokaa iliyolowekwa vizuri. Kabla ya yote, chukueni bisibisi mkachome kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikigoma, iacheni. Ikizama, wekeni mhimili chini yake siku hiyo hiyo, na watoto wasilale chumba hicho mpaka ibadilishwe.