Siku ya Tatu Wodini: Kwa Wanaoanza Kuhudumia Wagonjwa wa Nimonia

Ninyi mnaoanza kazi wodini mtagundua mapema kwamba nimonia ya bakteria haisumbui sana akili siku ya kwanza. Mgonjwa amefika akikohoa, homa iko juu, antibiotiki zimeanzishwa, na kila mtu anajua la kufanya. Mimi huiogopa zaidi siku ya tatu. Dawa iliyolenga kwa kawaida huanza kuleta nafuu ndani ya saa 48 hadi 72, na mgonjwa ambaye bado anaungua homa baada ya hapo huenda ameshapata tatizo jingine juu ya nimonia yenyewe. Nimeona mara nyingi mno dawa ikibadilishwa asubuhi hiyo bila mtu yeyote kurudi kitandani kumpima upya kifua. Huenda dawa inahitaji kubadilishwa kweli, lakini kwanza jiulizeni kama kuna mahali ambapo dawa, hata iwe nzuri namna gani, haifiki.

Mahali penyewe mara nyingi ni kati ya tando mbili zinazolizunguka pafu. Maji hujikusanya hapo, na mwanzoni huwa mepesi, tena mengi hukauka yenyewe nimonia ikitibiwa. Bakteria wakiyaingia hugeuka usaha, kisha nyuzi hujisokota ndani yake na kuyagawa vyumba vyumba, na hatimaye gamba gumu hulifunika pafu likashindwa kutanuka, ndiyo maana kuchelewa siku chache huweza kumtoa mgonjwa kwenye tiba ya mrija wa kutoa maji kifuani na kumfikisha kwenye upasuaji. Msisubiri eksirei iwape habari hiyo. Mketisheni mgonjwa, mgongeni mgongoni kwa vidole kuanzia juu mkishuka, mkilinganisha kushoto na kulia. Pafu lenye hewa hutoa mwangwi. Penye maji mlio hukatika ghafla na kuwa mzito, kana kwamba unagonga ukuta wa mawe, na stethoskopu ikiwekwa hapo pumzi husikika kwa mbali au haisikiki kabisa. Eksirei ya kifua iliyopigwa kwa mbele huweza isionyeshe maji yasiyofika mililita 200 hivi, ilhali ultrasaundi huyaona yakiwa machache zaidi na huonyesha pia mahali salama pa kuchoma sindano.

Yakishavutwa, yatazameni na kuyanusa kabla ya kuyapeleka maabara. Ukiona usaha kwenye bomba la sindano, huhitaji jibu lolote zaidi ili kuamua kwamba mrija uwekwe. Yakiwa maangavu, pH (kipimo cha asidi) iliyo chini ya 7.2 kwa mgonjwa mwenye nimonia huelekeza kwenye uamuzi uleule, mradi sampuli ifungwe bila hewa na ipimwe haraka, kwa kuwa hewa ikibaki ndani ya bomba hupandisha kipimo na kumfanya mgonjwa aonekane salama kuliko alivyo.

Jipu ndani ya pafu ni la nadra zaidi. Mfikirieni aliyewahi kupaliwa akiwa hana fahamu, kwa kifafa au ulevi, na mwenye meno mabovu. Makohozi yake huwa na uvundo usiosahaulika. Wengi hupona kwa antibiotiki za wiki kadhaa bila kutobolewa.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikiandika kwamba kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika, kwa sababu wa zamu iliyopita aliandika hivyo, naye bila shaka alinakili kwa mwenzake. Usiku mmoja muuguzi mzoefu alinikalisha kando ya mzee aliyekuwa kimya, ambaye mimi nilimdhani amelala. “Hesabu dakika nzima, mwanangu,” akaninong'oneza, “na usimwambie kwamba unahesabu.” Nilifika 36. Tulipomwamsha hakujua yuko wapi, na mfuko wake wa mkojo ulikuwa haujaongezeka tangu jioni. Hakuwa na homa hata kidogo, jambo ambalo kwa wazee ni la kawaida na hutudanganya sana. Bakteria walikuwa wameshaingia kwenye damu, shinikizo likishuka na figo zikianza kugoma, yaani ile hali tunayoiita sepsisi. Kipimo cha CURB-65, kinachokadiria ukali wa nimonia, hutumia dalili hizohizo: kuchanganyikiwa, urea ya damu inayozidi milimoli 7 kwa lita, kupumua mara 30 au zaidi, shinikizo la damu la juu lililo chini ya 90 au la chini lisilozidi 60, na umri wa miaka 65 na kuendelea. Ukiinakili namba ya kupumua, umeharibu hesabu yote.

Moyo nao husahauliwa. Siku za mwanzo za nimonia huongeza hatari ya mshtuko wa moyo, moyo kushindwa kazi na mapigo kwenda ovyo, kwa hiyo maumivu mapya ya kifua yasisingiziwe kikohozi kabla ya kupima ECG, yaani umeme wa moyo. Kadhalika, shingo ikikakamaa, kumbukeni kwamba nimokokasi, bakteria anayeleta nimonia mara nyingi, akiwa kwenye damu huweza kufika kwenye utando wa ubongo.

Mgonjwa anayepata nafuu msimrudishe eksirei kila baada ya siku mbili, maana kivuli huchelewa kuondoka kwa wiki kadhaa hata mwenyewe akiwa mzima. Lakini mvutaji sigara, aliyepita miaka 50, au ambaye dalili zake hazijaisha, apigwe picha tena baada ya wiki 6 hivi, kwani nyuma ya nimonia isiyoondoka huweza kuwa na uvimbe ulioziba njia ya hewa; tarehe hiyo iandikeni kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa kabla hajavaa viatu.